Nilivyomlindia Mlango Mama wa Senegali

Kwetu milimani, mlango unaofungwa mchana una habari tatu tu: kuna maiti, kuna mgonjwa, au kuna mume na mke wanaopigana na hawataki kuamuliwa. Ya nne hakuna. Nimezaliwa hivyo na nimezaa hivyo. Hata kambini kwa wakimbizi, ambako mlango wenyewe ulikuwa blanketi, ilikuwa vilevile. Donc, yaani basi, tulipofika Louisville, Amerika, tukapewa apatima zenye milango mizito inayojifunga yenyewe nyuma yako, wengi wetu tulitia kiatu chini ili ibaki wazi, mpaka meneja akaja kulalamika kwamba joto lote linatoka nje. Joto lile lilikuwa la bili. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe za baba zilihitaji mtu na kaka zangu walihitaji shule. Naandika polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mkiona nimeruka pembeni, ngojeni, nitarudi.

Mama wa Senegali tulikaa naye ngazi moja, mlango wake ukitazamana na wetu. Alikuwa mrefu, kitambaa chake cha kichwa hakikulegea hata siku ya theluji, na alifanya kazi ya kupanga maboksi kwenye wehausi, ghala moja na mwanangu. Tuliongea Kifaransa. Chake kilikuwa cha vitabu, changu cha kuuza maharage sokoni Uvira, lakini tulikutana katikati. Mwanangu aliponiambia kwamba huyu mama kwao ni mwandishi, kwamba ana hadithi mbili ndefu zilizochapishwa na watu wanazisoma, nilicheka. Mwandishi gani anabeba maboksi? Halafu nikamkumbuka jirani yetu wa chini, aliyekuwa daktari wa mifugo, naye anaosha sahani hotelini. Amerika inatupepeta wote kwanza kwenye ungo mmoja.

Sasa, msimu mmoja wa baridi yule mama akaacha kazi. Hakuaga. Mlango wake ukafungwa asubuhi, ukafungwa mchana, na ndani kukaanza kusikika sauti.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, mtu wa moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Bibi, ule mama iko na shida. Nimepita pale, nimesikia mwanaume anafoka. Kisha mutoto analia. Kisha mama muzee anacheka. Na yeye anaishi peke!"

"Labda ni televizio."

"Televizio gani inarudilia neno moja kama inalitafuna? Hapana, Bibi. Ule mutu amefiwa, ao ameingiliwa na pepo. Hatuwezi kumuacha."

Na kweli, kwetu hatuachi. Mtu mwenye shida hakai peke yake, hata akitaka. Tukajikusanya wamama wa maombi, tukabeba sombe, yale majani ya muhogo, na ugali ndani ya sufuria, tukaimba kuanzia kwenye ngazi ili asishtuke. Alipofungua, macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa. Akatutazama, akatazama sufuria, halafu akatabasamu na kufungua mlango wote. Kwao mgeni harudishwi. Akapika wali wao mwekundu wenye samaki, akatandika sinia chini, tukala na sombe yetu juu yake, na nikisema ukweli vilipatana sana.

Kisha ikaja chai. Ile chai yao si ya haraka. Inachemshwa kwenye birika dogo, inamiminwa kutoka juu mpaka ifanye povu, mnakunywa, halafu majani yaleyale yanarudi motoni kwa zamu ya pili, tena kwa ya tatu. Kabla ya ya tatu mgeni hasimami. Baada ya ya tatu mgeni anasimama mwenyewe, anaenda zake, hakuna anayeudhika.

Lakini sisi hatusimami wenyewe! Sisi tunaomba njia. Unamwambia mwenye nyumba, tunaomba njia, naye kwa heshima anakataa, anasema bado mapema. Unaomba tena, anakataa kidogo. Mwisho anakupa, na hapo ndipo unatafuta viatu vyako. Kuondoka bila kupewa njia ni kama kumtukana.

Basi oneni mambo. Mama Pasta akaomba njia, nami nikatafsiri. Yule mama akasema kaeni, kaeni. Tukakaa. Tukaomba tena. Kaeni, chai bado. Baada ya chai ya tatu tukanyamaza tukingoja atuachilie, na yeye akatutazama tumenyamaza hatusimami, akafikiri bado tuna hamu, akaenda kuweka birika jipya. Tulitoka pale jua limeshazama, matumbo yamejaa maji. Mama Pasta akasema, "Mumeona? Hataki tuende. Anaogopa kubaki peke." Kesho yake tukarudi. Na kesho kutwa. Zamu zikapangwa kanisani.

Ilikuwa huruma, wala si ubaya. Huruma yetu na adabu yake zilikuwa zinamla yule mama kila siku.

Mimi nilikuja kujua kwa sababu ya sufuria yangu. Nilienda asubuhi kuichukua, kabla ya wenzangu, nikamkuta amesimama kwenye sinki na bilauri zile ndogo mbele yake, anaosha na machozi yanadondoka kwenye povu.

"Binti yangu, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, tantie. Lakini mama yangu anakaribia kufa, na mimi naosha bilauri."

Tantie ni shangazi, ndivyo alivyoniita. Akanikalisha, akanieleza. Mama yake alikuwa mwanamke wa samaki, wa kule pwani ya kwao. Alinunua samaki mitumbwini, akawachoma, akawaanika, akawauza, na moshi ule ndio uliomlipia binti masomo. Sasa moshi ule ulikuwa umemkalia kifuani, akipumua kwa shida. Hakujua kusoma hata jina lake. Alikuwa amemwambia binti yake kwenye telefoni: umeandika habari za watu wengine, watu wanakusifu. Yangu lini? Nataka niisikie na masikio yangu, usije ukaisoma makaburini.

Kwa hiyo aliacha maboksi. Alikuwa na akiba ya kupitisha ile baridi moja tu, baada yake lazima arudi kazini. Zile sauti ndani ya nyumba ilikuwa kazi yake: kila mtu wa kwenye kitabu alimsemesha kwa sauti yake, akitembea kutoka jikoni mpaka dirishani, akirudia maneno mpaka yakae vizuri mdomoni, ndipo akae kwenye kompyuta ayaandike. Mwanaume aliyefoka alikuwa baba yake. Mtoto aliyelia alikuwa yeye mwenyewe.

"Na mama muzee anayecheka?"

"Huyo ndiye sijampata bado. Nikikaribia kumpata, mnagonga."

Nikamwuliza kwa nini hakutupa njia. Akauliza njia gani. Nilipomweleza akashika kichwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi nangoja msimame, ninyi mnangoja niwasimamishe! Tantie, tungezeeka pale!"

Bon, wakati huohuo aliniambia na habari ya mume wake. Nilimwuliza, mimi sina haya. Mume alimwambia, hiki kitabu ni mume mwenza, chagua mimi au chenyewe. "Ukafanyaje?" nikamwuliza. "Nilichagua," akasema, akaendelea kupangusa bilauri. Wangu mimi hakunipa kuchagua kitu chochote, Mungu amrehemu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nilirudi nyumbani, nikachukua kiti cha jikoni, nikakiweka kwenye ngazi mbele ya mlango wake, nikakaa na koti na blanketi magotini. Kwetu mfiwa hapokei wageni mwenyewe. Kuna mzee anayekaa mbele anawapokea kwa niaba yake, na ukipokewa na yule mzee umepokewa. Hiyo wamama wa maombi waliijua. Nilitumia sheria yetu wenyewe.

Mama Pasta alipopanda na kundi lake na sufuria, akasimama.

"Bibi! Umekuwa polisi?"

"Nimekuwa mlango. Karibuni, nimewapokea."

"Sisi tunakuja kwa mugonjwa."

"Si mgonjwa. Iko kazini."

"Kazi gani ya kukaa ndani ya nyumba na kufoka?"

"Kazi ya mama yake."

"Na maombi je?"

"Ombeeni hapa. Mungu anatusikia toka Kongo, atashindwa na huu ukuta wa karatasi?"

Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Aliniambia nimemnyima mtu neno la Mungu kwa sababu ya hadithi. Nikamwambia asome, maana yeye anajua kusoma, Yesu mwenyewe aliongea kwa hadithi. Akageuka akashuka na sombe yake, na Jumapili hakunisalimia.

Ilikuwa vigumu, sitadanganya. Magoti yalikuwa yananiuma na upepo ulipita chini ya mlango wa nje kama kisu. Mwanangu alinigombeza. Wajukuu waliniuliza kwa Kiingereza kama nimepata kazi ya ulinzi. Nilikaa tu. Wamama waliopanda niliwapokea, nikawapigia hadithi pale kwenye ngazi, nikala chakula chao, na walipoomba njia niliwapa mara moja, sikukataa hata kidogo, wakashangaa ukali wangu. Nyuma ya mgongo wangu nilisikia yule baba akifoka, mtoto akilia. Siku zikipita, na yule mama mzee pia akaanza kuongea.

Kisha siku moja nilipanda na kiti changu nikamkuta Mama Pasta ameshakaa na chake.

"Na mimi niko na mama kule Fizi," akasema bila kunitazama. "Iko muzee. Kaa, Bibi, tupokezane."

Mpaka leo sijui nani alimlainisha. Labda alisikia kupitia ule ukuta.

Baridi ikaisha, kitabu hakijaisha. Ndivyo ilivyokuwa. Akiba yake ikakatika akalazimika kufanya kazi tena, na binamu yake wa kike akamwita aende mji wa Columbus kusuka nywele. Bahati ilifanya mwanangu naye apate kazi kule mwaka uleule, tukapanga mtaa wa Northland, karibu na Morse Road, mimi na yule mama tukawa mwendo mfupi wa basi. Asubuhi aliandika, mchana alisuka, vidole vikamvimba. Aliniambia mikono ikikataa kuandika ataongea tu, na mdomo ukikataa atanong'ona. Sikumwona akilalamika. Nilimwona akiloweka vidole kwenye maji ya moto yenye chumvi, halafu anaanza tena.

Alipofika mwisho, akanipigia: "Tantie, njoo na kiti."

Nikakaa mlangoni, ndani ya mlango safari hii. Alimpigia mama yake kwenye telefoni, kwa picha. Niliona uso mdogo juu ya mto, na binti wa nyumba ameshika telefoni kule. Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa, na mama hajui Kifaransa, donc yule mwandishi alikuwa anatazama ukurasa na kuusema kwa Kiwolofu, lugha ya kwao, palepale, kama mtu anayemenya chungwa bila kuvunja ganda. Asubuhi baada ya asubuhi, kabla ya wateja wa nywele. Mimi sikuelewa neno, lakini nilijua kila mtu kwa sauti yake. Baba alipofoka nilimjua. Mtoto alipolia nilimjua. Na mama mzee alipocheka kwenye kitabu, mama mzee kwenye telefoni alikohoa kwa kucheka.

Ukurasa wa mwisho ukaisha. Mwandishi akashika meza akingoja. Kisha ile sauti ndogo ikasema kitu, na mwandishi akakunja uso.

"Amesemaje?"

"Anasema mwisho wa kitabu nimemwandika mwenye subira. Anasema hakuwa na subira hata siku moja. Alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyouza samaki. Anasema nirekebishe, na nifanye haraka, yeye hana muda."

Ningekuwa mimi ningelia. Yeye alifuta machozi, akafuta na zile kurasa. Wateja wa nywele aliwaambia wangoje. Niliwapokea mimi mlangoni, kwa Kiswahili, kwa mikono, kwa chochote. Aliponiita tena, telefoni ilikuwa imewashwa. Alisoma mwisho mpya, akisema kwa sauti kali ambayo sijawahi kuisikia mdomoni mwake. Uso ule juu ya mto ulitikisika: ndiyo. Ukasema neno fupi, na sikuhitaji tafsiri.

Mama wa mwandishi alikufa kabla ya kitabu kuchapishwa, lakini baada ya kukisikia chote. Mimi nilikuwa nimeshahamia Buffalo kwa binti yangu anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Amherst. Kitabu kilinifikia kwa posta. Siwezi kukisoma. Nakifungua mwisho, nauweka mkono pale penye hasira, nakifunga.

Na mwaka huu, theluji imefika madirishani, nimeanza kuandika haya. Nimefunga mlango mchana. Juzi waligonga wamama wa kanisa la hapa, wakiimba tangu kwenye ngazi, na harufu ya sombe ikapita chini ya mlango.

"Bibi! Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Kuna aliyekufa?"

"Hapana."

Nikasikia wanashauriana.

"Sasa uko na fanya nini?"

"Niko kazini," nikawaambia. "Leteni kiti, mmoja wenu akae hapo. Wengine nimewapa njia."