Baiskeli ya Kukunja na Lori la Ndengu

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo nikisikia mtu akiagiza chapati maharagwe natazama chini, na nyinyi mnaocheka sasa mtacheka vizuri zaidi nikimaliza, kwa hivyo tulieni. Aibu hii niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mnajua mimi ni mtu wa Murang'a, nilikuja Kitui kufungua duka la dawa za mifugo, na mke wangu alipochoka na joto (na kunichoka mimi pia, tusifichane) akarudi kwao na watoto, nikabaki na nyumba kubwa na redio. Jumapili duka likifungwa ningeweza kumaliza siku nzima bila kusema neno, ila kufukuza kuku wa jirani. Ndipo mteja wangu mmoja, Mwende, nesi ambaye pia ni kapteni wa kikundi cha waendesha baiskeli, akaniambia nijiunge nao, kwamba wao husafiri usiku kucha maana jua la huku linakaanga mtu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Baiskeli niliyokuwa nayo ni ile ya kukunja, ya mtumba, magurudumu madogo kama vifuniko vya sufuria, niliyoinunua kwa sababu inaingia chini ya kaunta. Wenzangu wakikanyaga kidogo wanateleza mbali, mimi nakanyaga bila kupumzika kama fundi wa cherehani na bado naachwa.

Safari ya siku ile ilikuwa Kitui hadi Kibwezi, kupitia Mutomo na Ikutha, lami safi na giza tupu. Mpaka Mutomo tulikuwa tukiongea wote. Baadaye watu wakachoka, na mtu akichoka hurudi kwa lugha ya mama yake, wakawa wanapiga stori kwa Kikamba na kucheka, nami nacheka nikichelewa kidogo, halafu sijui nimecheka nini. Sikuwalaumu. Lakini nilisikia upweke ambao hata nyumbani sikuwa nimeusikia, maana nyumbani angalau hakuna anayecheka.

Mzee Kilonzo, mwalimu mstaafu, kazi yake ilikuwa kukaa nyuma kabisa ili mtu yeyote asiachwe. Kwa hivyo usiku ule kazi yake ilikuwa mimi. Tulipopita Ikutha wengine walikuwa wameshapotea mbele, na mzee wa watu anatambaa nyuma yangu bila kulalamika, mpaka nikaona haya. Nikashuka.

"Tangulia mwalimu, nataka kujisaidia kidogo."

"Si nikungoje tu hapa?"

"Aa, siwezi mtu akiwa karibu. Nitakupata."

"Haya, nitakuwa pale kwa kona. Usikawie, huku kuna fisi."

Ukweli ni kwamba sikuwa na haja yoyote, nilitaka tu kupumzika bila kuonewa huruma. Nikavua helmeti na ile fulana ya kung'aa, nikaviweka kando ya barabara, nikakaa. Ndipo likaja lori kutoka nyuma, limejaa magunia ya ndengu, dereva akasimama akauliza kama nimeharibikiwa. Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nilitazama lori, nikatazama baiskeli yangu, nikakumbuka kwamba inakunjwa.

Mpango ulikuwa mzuri: nishuke kwenye daraja la mto Athi, niikunjue, niwangoje nimeweka mguu juu ya mguu, wote washangae Mwangi amepita saa ngapi. (Nilishaanza hata kutunga majibu. Kwamba mwalimu angejiuliza nilimpitaje bila yeye kuniona, hilo sikulifikiria.) Tulipofika kwenye kona taa zikammulika, amesimama ameshika baiskeli yake anaangalia nyuma, nami nikainama chini ya dashibodi, pua kwenye cheni ya baiskeli niliyoipakata.

"Yule mzee unamjua?" dereva akauliza.

"Simjui."

Kiti kilikuwa na joto, redio inaimba chini chini, na mimi nikalala. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, Kibwezi tumeshaipita zamani, tuko Mtito Andei, na dereva ananisukuma bega: "Buda, shuka hapa, mimi naenda Mombasa. Pale Athi nimekuamsha mpaka nikachoka." Simu yangu ilikuwa imezima. Nikaingia kwenye hoteli ya madereva, nikamwomba mhudumu aichaji, nikaagiza chai na chapati maharagwe, nikala kama mtu asiye na kosa.

Mhudumu akarudi na simu yake mwenyewe mkononi. Akanitazama, akatazama simu, akanitazama tena.

"Boss, si huyu ni wewe?"

Ilikuwa picha yangu, nimekumbatia baiskeli siku ya kwanza ya kikundi, na juu yake wameandika AMEPOTEA IKUTHA.

"Cousin yangu ako huko, ndiye amenitumia," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Aiya! Wanasema umeliwa na fisi!"

Madereva wote wakageuka. Mmoja akasema fisi wa siku hizi ni wapole, wanamla mtu na kumwachia hamu ya chapati, na hoteli nzima ikaangua kicheko.

Simu yangu ilipowaka haikunyamaza. Mwalimu alikuwa amerudi akakuta helmeti na fulana bila mtu. Kikundi chote kiligeuza. Kanisa moja karibu pale lilikuwa na kesha, wakasimamisha maombi wakatoka wote na tochi, vijana wakaingia vichakani na panga, kina mama wakabaki barabarani wakiniombea kwa jina. Kulikuwa na sauti iliyorekodiwa huko vichakani na kutumwa kwa kikundi chote, nikaibonyeza pale pale mezani. Miguu kwenye majani makavu, watu wengi wanaita, "Mwangi! Mwangi eee!" Halafu mtu nisiyemjua akauliza, "Huyu watu wake ni kina nani tuwapigie?" Akajibu mwalimu, anahema: "Ni sisi. Watu wake ni sisi. Endeleeni kutafuta."

Nililia mbele ya madereva wale, na kicheko kikaisha.

Nikampigia Mwende. "Uko mzima?" Nikasema niko mzima. "Uko wapi?" Nilipomwambia, nikamsikia akiwageukia wengine: "Ako Mtito. Kwa hoteli." Hakuna aliyecheka upande ule.

Tulikutana Kibwezi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeshukuru. Mwende alinirudishia helmeti, akainama kukagua magurudumu yake. Mwalimu, miguu imechanwa na miiba, alinishika mabega akanikagua mbele na nyuma, kisha akaenda kukaa peke yake na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Nikamfuata nikamwomba msamaha.

"Nilijua nimekuua," akasema. "Mimi ndiye wa nyuma."

Sijarudi kwenye kikundi. Hawakunifukuza, tena wakipanga safari Mwende huniandikia, "Mwangi, tunakungoja," nami nasoma, nazima simu, narudi kwa redio yangu. Juzi wameenda Nunguni. Mtasema mimi ni mjinga, watu wamenisamehe na bado najifungia, na ni kweli, lakini siku nitakayopata moyo wa kupanda tena ile baiskeli nitakuwa nimeshaapa jambo moja: sitaacha tena watu wangu waniite gizani, nami nimekaa mahali na shibe yangu.