Soksi za Vitundu

Mwaka niliomaliza skuli niliwekwa ndani, nisitoke mpaka niolewe. Kila jioni kaka zangu walikwenda kupunga upepo Forodhani, pwani. Niliwasikia wakishuka ngazi, kisha mlango wa chini ukifungwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Kazi pekee niliyoipenda ilikuwa kufuma kwa sindano mbili, niliyofunzwa skuli.

Siku moja akaja Bi mmoja wa mtaa wa pili. Nilimwamkia nikataka kuondoka, akanishika mkono, akavitazama vidole vyangu kimoja kimoja.

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu ana mimba ya miezi saba. Nnataka unifumie soksi za mjukuu."

Alitoa bonge la uzi wa buluu na karatasi kuukuu yenye picha tatu za soksi za watoto wachanga. Siku zile sufu haikupatikana madukani. Uzi ule aliufumua kutoka sweta la mwanawe wa kiume aliyerudi kutoka bara. Ulikuwa bado umejikunja, unanuka kafuri.

"Chagua mwenyewe," alisema. "Mie maandishi ya Kizungu siyajui, nnaona picha tu."

Alipoondoka, mama aliniambia bila ya kunitazama, "Mwanawe anatafutiwa mke. Fanya vizuri."

Sikutaka kuolewa, na sikuweza kulitamka hilo mbele ya mama. Nilikaa dirishani na ile karatasi. Soksi za kwanza zilikuwa nyepesi, kazi ya siku mbili. Za pili zilikuwa na utepe kifundoni. Za tatu zilijaa vitundu vilivyopangwa kama majani, na maelezo yake yalishuka mpaka chini, kwa Kiingereza nilichokisoma kwa kukwamakwama. Nikiharibu, mama ataaibika. Lakini nikichelewa mpaka mtoto azaliwe, yule Bi ataniona mvivu, atafute mke kwengine.

Nikachagua za vitundu.

"Joto lote hili, soksi," bibi yangu alisema alipoiona picha. "Afadhali zina matundu, mtoto apate upepo."

Nilifuma mistari miwili kwa siku, nikafumua mmoja. Vidole vyangu vikanuka kafuri ya sweta la mtu nisiyemjua. Mama alikuwa akipita, anaangalia, anaendelea na kazi zake. Mtoto alizaliwa nikiwa na soksi moja, na ya pili imefika kisigino.

Wiki mbili baadaye yule Bi alikuja. Niliiweka kazi mbele yake juu ya mkeka, nikainamisha kichwa, nikasubiri lawama. Aliinyanyua ile soksi kwenye mwangaza, akavipitia vitundu kwa ukucha, mstari kwa mstari.

"Hakuna hata kimoja kilichokosewa," alimwambia mama. "Wasichana wa siku hizi mbio tu. Huyu ana subira, na mwanangu anataka mtu wa subira."

"Lakini hajamaliza," mama alisema.

"Hatuna haraka. Atamalizia kwetu."

Mama alicheka kidogo, akanyanyuka kwenda jikoni. Kutoka huko akaniita nije nichukue chai ya mgeni.

Nikaitika, "Naam."