Programu ya Kupandisha Mzinga

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kufundisha mazoezi sikushika chuma hata kimoja. Fundi Mkuu, mwenye jimu ya mazoezi mtaani Nsemulwa, aliniweka kwenye benchi pembeni ya gereji yake na kuniambia nitazame tu. Vyuma vyetu vilikuwa giya za malori na makopo yaliyojazwa saruji. "Tazama nani anadanganya," alisema. Kwake yeye, mtu aliyerusha chuma kwa kutikisa kiuno badala ya kukiinua kwa mkono alikuwa mwongo, na alimfukuza mbele za watu. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu pale.

Fundi Mkuu alikuwa na programu moja ya kujenga misuli, yaani mpangilio wa nini unainua, siku gani na kwa uzito gani. Kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma kutoka kifuani, kukivuta kutoka sakafuni, basi. Mwaka mzima hivyo hivyo. Wageni walijaa mikono haraka, kisha wakaganda palepale, maana mwili ukishauzoea mzigo hauoni sababu ya kuongeza nyama. Nilipohamia jimu ya Shanwe, yenye vioo na muziki, nikakuta ugonjwa wa upande wa pili. Meneja wetu, kijana aliyetoka Dar, alitaka programu ibadilike kila wiki.

"Mama, wateja wanaboeka," alinieleza.

Nilimjibu kwamba anayebadilishiwa kila wiki hajui hata kama amepata nguvu, kwa sababu hana cha kulinganisha. Aliniona mshamba, nami nilimwona mfanyabiashara. Nadhani wote wawili hatukukosea.

Ndipo akaja Mzee Gaspari, mrina asali wa kule Ugalla. Alikuwa ametoka kuugua muda mrefu, mikono imebaki ngozi na mifupa. Alinieleza shida yake akiwa amesimama. Kikundi chao cha warina kilikuwa na sheria: kila mwanzo wa msimu, mwanachama apandishe mzinga wa gogo kwa kamba mpaka kwenye tawi, kwa mikono yake, wenzake wakiona. Asiyeweza, miti yake inagawiwa wengine, naye anabaki kufukiza moshi wa kufukuzia nyuki.

"Miti ile aliniachia baba," alisema. "Wakiichukua, ni kama wamenizika, mwanangu."

Meneja akanivuta pembeni. "Mama, huyu akituangukia humu tumekwisha. Ukimchukua, ni juu yako. Akiumia, hata kazi huna."

Nilimchukua. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na niliogopa sana kuondoka kwa aibu.

Tulianza na uzito mdogo na marudio mengi, yaani kuinua na kushusha mara nyingi bila kutua, ili nyama irudi. Nilipoona suruali imeanza kumbana mapajani, nikabadilisha: uzito mkubwa, marudio machache, na mapumziko marefu kati ya seti moja na nyingine. Seti ni fungu moja la marudio. Hapo tukaanza kugombana, kwa sababu Mzee alikuwa hatulii. Anashusha chuma, anakohoa, anakirukia tena.

"Kukaa nako ni mazoezi?" aliniuliza.

"Kumo kwenye programu, baba. Pumzi ikirudi ndipo unainua."

Alikaa, lakini kwa uso wa mtu anayecheleweshwa safari.

Msimu ulipokaribia, chuma kikagoma. Uzito aliouinua juzi leo haukusogea. Yeye alitaka niongeze. Mimi nikapunguza kilo karibu nusu kwa wiki nzima ili mwili upoe, kisha nikamwondoa kwenye chuma kabisa, nikaning'iniza gunia la mchanga kwenye boriti avute kwa kamba, kama atakavyouvuta mzinga.

"Unaniondolea kilo, mwalimu, na ndizo ninazozitafuta?"

"Zimekuchosha. Tukiongeza leo, utaumia mgongo kabla ya msimu."

"Na nikishindwa?"

Wiki ile yote, kila Meneja alipopita mlangoni nilijifanya nafuta vyuma.

Siku ilipofika nilienda naye Ugalla. Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa rika lake, alikagua fundo la kamba mwenyewe. Mrina mwingine alikuwa ametangulia juu ya mti kuupokea mzinga. Kamba ilipitishwa juu ya tawi, na Gaspari akavuta akiwa chini. Gogo likaondoka chini, likapanda vizuri, kisha katikati likasimama. Nikaona mapaja yake yanatetemeka. Mtetemeko ule naujua, ni msuli ulioishiwa. Akilazimisha, kamba itamponyoka na gogo litamshukia kichwani. Taratibu, mkono baada ya mkono, akaushusha mzinga mpaka chini.

"Basi, Gaspari," Mwenyekiti akasema. "Umejitahidi."

Mzee akaketi juu ya mzizi. "Sijamaliza."

"Si umeushusha?"

"Nimemaliza seti moja. Napumzika."

Mtu mmoja akacheka. Mwenyekiti akanigeukia. "Ndivyo mnavyowafundisha huko mjini?"

"Ndivyo, mzee wangu. Nyie mnataka apandishe. Kuna mahali mmesema asipumzike?"

Mwenyekiti hakumwita mrina mwingine. Tukangoja. Nyuki walimtua Gaspari kwenye jasho la shingo, hakuwafukuza. Nilikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, nikaomba asiharakishe kwa ajili ya vicheko. Hakuharakisha. Kifua kilipotulia akainuka, akazungusha kamba mkononi, akavuta. Mzinga ukafika pale uliposimama mara ya kwanza, ukapita. Aliyekuwa juu akasema ameushika. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono. Mimi nililia, tena waziwazi.

Sasa nimestaafu, nalima mchicha nyuma ya nyumba. Vijana wa Shanwe hunisimamisha njiani waniulize programu ipi ni bora na ibadilishwe lini. Nawaambia wakae nayo maadamu bado inawapandisha, ikigoma waipumzishe miili kwanza, halafu wabadili. Wengi hawaridhiki, wanataka jina la programu. Mimi namkumbuka Gaspari, Jumatatu iliyofuata siku ile ya Ugalla, amesimama mlangoni kabla Meneja hajafungua. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini na nilidhani amekuja kuniaga.

"Ile ya kupandisha nimeimaliza, mwalimu," alisema. "Nipe ya kushusha. Ndoo za asali nazo ni nzito."