Barabara ya Zamani Iko Chini ya Maji

Mama yangu hajawahi kuingia majini zaidi ya magoti, lakini asubuhi ile alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kayaki ya watu wawili, jaketi la kuelea limemkaba kidevuni, kitambaa kichwani amekifunga kama anaenda kanisani. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa kayaki Ziwa Naivasha. Nimewapeleka wengi, mama yangu sikuwahi, na furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kitoto kabisa.

Ziwa lilipopanda na kumeza mashamba ya ufuoni upande wa Ndabibi, letu likiwemo, tulimhamishia Elburgon kwa kaka yangu. Kaka akanunua mbao za kumjengea nyumba. Mama akakataa hata msumari mmoja usipigwe. "Nyumba niko nayo," alisema. "Nani ameona ikianguka?" Mbao zikakaa chini ya turubai misimu miwili ya mvua, zikaanza kupinda. Mwishowe nikamwambia, twende ukajionee.

Ufuo ule uko wazi, hauna mafunjo ya kuukinga, na jua likipanda upepo huamka ghafla. Kwa hivyo nilikuwa na mpango. Tungeanzia kwenye stoo ya mawe ya mzungu aliyelima pale kabla ya wazee wetu kugawiwa mashamba, tukate moja kwa moja hadi nyumbani, turudi mapema.

"Unaenda wapi?" Mama akauliza tulipoipita stoo.

"Nyumbani. Tunakata hapa."

"Hapa ni kwa jirani. Barabara iko kule."

"Mum, hii yote ni maji."

"Maji imekuja juzi. Shamba ni ya mwenyewe."

Akalaza kasia mapajani, akatulia. Mimi nina hasira za karibu, na nilikuwa nauangalia upepo, lakini ugomvi na mama ndani ya kayaki hauna mshindi. Nikageuza.

Akaanza kunielekeza. Kwa daraja, kata kushoto. Kwa ile migunga mitatu, iliyosimama mikavu majini, nyoosha. Mimi niliyezoea kuwaongoza wageni nikawa naongozwa na mtu asiyejua kuogelea. Kisha nikaona, upande wetu wa kushoto, seng'enge ya jirani. Ilikuwa imetandazwa shubiri moja tu chini ya maji, mistari minne, na nguzo zake zimejificha vilevile. Pale ndipo nilipotaka kukata. Ingetunasa, na wimbi moja lingetupindua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Mum, umeona hiyo waya?"

"Aliweka sababu ya ng'ombe zetu," alisema. "Zilikuwa zinamkulia mahindi."

Nikacheka mpaka kayaki ikayumba. Moyo ulinidunda kwa raha. Barabara niliyoitembea na mkoba wa shule mgongoni sasa nilikuwa naipita juu yake, mamangu mbele, naye ameanza kupiga kasia bila kuambiwa, ananirushia maji usoni kila mara.

Tukafika kwa nguzo mbili za lango letu. "Usipite kwa maharagwe," akasema. Tulichapwa sana utotoni kwa kosa hilo. Nikazunguka shamba la maharagwe lisiloonekana, mpaka pale palipokuwa na jiko, mpaka mbele ya nyumba.

Kilichobaki ni paa. Ndege wawili aina ya mnandi walikuwa wamekaa juu yake wakianika mabawa.

"Hodi," Mama akasema.

Ndege wakamtazama. Akarudia, polepole zaidi. Kisha akanyoosha mkono, akalisukuma bati. Paa zima likazama kidogo, likapanda tena, likamrudia mkononi. Chini yake hapakuwa na ukuta wowote; lilikuwa linaelea kwa mbao zake tu. Akalisukuma tena kuhakikisha. Nikaacha kucheka. Sikuweza kuuona uso wake, nikaogopa kwamba nimemleta kumuumiza.

Upepo ukatugusa shingoni, na vijiwimbi vya kwanza vikaanza kugonga ubavu wa kayaki. Nikageuza pua kuanza kuyazunguka maharagwe, kama tulivyokuja.

"Sasa unazunguka nini?" Mama akasema, kasia lake tayari liko majini. "Pitia kwa maharagwe. Mbao za ndugu yako zinaharibika."