Siku Papa Alipotapika Damu

Vita vilikuwa vimekaribia Goma papa, baba yangu, alipotapika damu nyeusi mbele ya sahani ya ugali. Hospitalini muganga alimlaza kwa ubavu, akamwingizia kinywani mpira mrefu wenye kamera ndogo, nami nikamshika mkono. Kwenye skrini tuliona kidonda tumboni kikivuja damu. Mabomu yalilia upande wa mji wa Sake, na taa zikayumba.

"Muganga, umeme ukikatika?"

"Omba usikatike, mama," alijibu, akibana mshipa kwa kibanio kidogo sana.

Damu ilisimama. Akaonya kwamba papa asisogezwe siku tatu. Saa tisa jirani yetu aliingia mbio.

"Mutoke! Kwetu watu wote wamekimbia!"

Nilimtazama papa amelala, nikavua viatu, nikaketi.