Mkanda wa Mtu Mnene

Mimi na baba tulirudi kutoka Mbeya na picha ya moyo wake ndani ya bahasha. Daktari alikuwa ametueleza bila haraka. Presha ya miaka mingi ilikuwa imeulazimisha moyo kusukuma damu kwa nguvu, msuli wake ukanenepa kama mkono wa mbeba magunia. Msuli mnene ni mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, ndiyo maana baba alihema akitembea. Dawa zingeshusha presha ili moyo upate nafuu. Sharti lilikuwa kumeza kila siku na kupima kila asubuhi. Nilimuuliza daktari maswali mpaka baba akanikanyaga mguu.

Nyumbani Mwaya tulikuwa na muuguzi, mke wa kaka yangu. Lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hamgusi. Shemeji akisikia tu kikohozi chake alikatiza nyuma ya migomba, kitenge usoni. Nilimwambia baba kwamba mila hiyo haina mantiki.

"Wewe si umesoma?" akasema. "Pima wewe."

Mashine ya presha tuliazimwa na mwenye duka mmoja wa Mbugani, mtu wa mwili mkubwa. Kila asubuhi nilimfunga baba mkanda, nikasoma namba kwa sauti, na shemeji akasikiliza nje ya dirisha. Namba zilikuwa nzuri mno. Siku moja akauliza mkanda unazunguka mkono mara ngapi. Nilicheka.

"Shemeji, nimesoma takwimu chuoni. Kitambaa hakinishindi."

Mwezi wa pili nikaanza kuhoji dawa zenyewe. Kwa nini mtu mwenye namba nzuri aendelee kumeza kemikali? Nikampunguzia baba vidonge. Shemeji sikumwambia.

Asubuhi moja, kakao ikiwa imeanikwa uani, baba alishindwa kulala chali. Kifua kilikoroma, midomo ikabadilika rangi. Nilipiga kelele. Shemeji akaja mbio, akasimama mlangoni ameinamisha kichwa. Kisha akaingia.

Alimketisha, akamshushia miguu sakafuni, akamtuma kaka kutafuta gari. Ndipo akauona mkanda ukining'inia kwenye mkono wa baba uliokonda.

"Huu ni wa mtu mnene," akaniambia taratibu. "Kwa mkono kama huu unasoma chini kuliko ukweli."

Baba aligeuza uso kuelekea ukutani. Kwa pumzi aliyobakiwa nayo akasema, "Mtoe huyu mwanamke."

Hakutoka. Alimshikilia mabega njia nzima hadi hospitali.

Baba alirudi baada ya wiki moja, anatembea, anakula. Jambo la kwanza aliloagiza ni wazee wa ukoo waitwe. Shemeji alipiga magoti nje ya mlango, kitenge usoni, akaomba radhi kwa kumgusa baba mkwe. Baba alimsikiliza akiwa amempa mgongo. Mzee mmoja akasema makosa kama hayo ndiyo yanayoua wazazi, wenzake wakaitikia. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Shemeji aliinua kitenge kidogo, akanitazama.

"Sina," nikasema.

Kesho yake nilimpima baba kwa mkanda mwembamba alioutafuta shemeji. Nilisoma namba kwa sauti. Nje ya dirisha hakukuwa na mtu.