Herminia Wawili

Wifi yangu Herminia alisoma chuo cha miaka miwili kwa miaka kumi na mmoja. Msicheke. Asubuhi anapikia watoto mia nne wa shule ya msingi, jioni yuko darasani, somo moja moja, na katikati akazaa mapacha akasimama miaka minne. Kaka yangu Rogelio alizoea kumtania, "Mke wangu, jengo lile wataliita kwa jina lako." Yeye alitaka kitu kimoja tu: afikishe krediti sitini, zile alama za masomo uliyofaulu, ahamie chuo kikuu cha jimbo kule Fresno, arudi kuwa mwalimu katika shule ileile anakopika.

Mwezi wa tatu barua ikaja kutoka Fresno. Tulikuwa jikoni kwake tunafunga tamale, madonge ya unga wenye nyama, kwenye maganda ya mahindi. Akaisoma amesimama, kisha akakaa. Eti hajatimiza, ana krediti thelathini na mbili. Kama kuna kosa, lirekebishwe kabla ya Ijumaa.

"Thelathini na mbili!" nikafoka. "Hao watu wamejifunzia wapi kuhesabu?"

"Basi, wifi. Labda nimekosea mimi."

Hapo ndipo aliponiudhi. Herminia ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Nikamvua aproni kwa mikono yangu, na kesho yake nikampeleka chuoni kwa mshauri wa wanafunzi, Bi Thao, dada mmoja wa Kihmong, kabila la Asia, mpole lakini macho yote kwenye kompyuta.

Bi Thao akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. Mara akaangua kicheko.

"Bi Herminia, una pacha?"

"Ninao, wana miaka saba."

"Siyo hao. Pacha wako wewe! Hapa kuna Herminia Ledezma na kuna Herminia Zaragoza. Wamezaliwa siku moja, wanaishi nyumba moja. Mmoja ana krediti thelathini na moja, mwenzake thelathini na mbili."

Loo! Nikajua papo hapo. Sisi wasemaji wa Kihispania tuna majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama mwisho. Mara ya kwanza Herminia alijaza fomu kama tunavyojaza kwetu: Herminia, Zaragoza, Ledezma. Karani akachukua la mwisho. Aliporudi baada ya kuzaa, mtu akamwambia huku wanataka la baba, akaandika Zaragoza. Miaka yote hiyo wanawake wawili wanasoma, na mpishi ni mmoja!

"Nawaunganisha leo hii," akasema Bi Thao. "Lakini nafasi ya jina la ukoo ni moja. Nichague lipi?"

"La baba," nikadakia. "Andika upesi, dada, kabla hawajabadili mawazo."

Baba yake Herminia tulimzika zamani, mtu mwema, Mungu amrehemu. Ledezma ni mama yake, Mama Eulalia, aliyepogoa mizabibu ya watu miaka thelathini, na ndiye aliyekaa na mapacha kila jioni ya darasa.

"Sichagui," akasema Herminia.

"Wewe!" nikamfinya. "Ijumaa ni keshokutwa!"

"Sichagui, wifi. Nusu nimesoma na huyu, nusu na yule. Andika yote mawili."

Sijawahi kumsikia akikataa kitu, hata chai iliyopoa. Bi Thao akajaribu, mashine ikagoma: haipokei pengo katikati ya jina.

"Basi weka kistari," akasema Herminia, wala hakuomba radhi.

Kikawekwa, mashine ikakubali. Mimi nilirudi nyumbani nikinung'unika kwamba kistari hicho kitatuponza, na siku zile zote sikulala vizuri.

Mwezi wa tano ikaja bahasha nene. Herminia alikuwa kazini, akaipokea mama yake. Mama Eulalia hajui Kiingereza, na kusoma kwenyewe ni kwa taabu, ila jina lake analijua. Tulipoingia tukamkuta mezani, karatasi imefunguliwa, kidole kimetulia juu ya mstari wa kwanza.

"Hili ni langu," akasema. "Wameniandikia?"

Herminia akasoma juu ya bega lake. Akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka.

"Wametukubali, Mama."

"Wametukubali?" Mama Eulalia akaitazama tena ile karatasi, akajifuta mikono kwenye sketi. "Haya. Mimi naanza lini?"

"Agosti, Mama," akasema Herminia. "Tunaanza Agosti."